Somo la Uraia na Wasemaji wa Mfumbilo

Siku Msemaji wangu alipopiga kura ya kuliondoa somo la Uraia katika masomo ya lazima, mimi nilikuwa jikoni nachuja chai ya baba mkwe. Mkutano mkuu wa kijiji ulianza saa mbili kamili asubuhi, ukaisha saa mbili na sekunde kumi na moja. Chai ilikuwa bado inachuruzika.

Matokeo yalininong'oneza sikioni kama yanavyotunong'oneza sote kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Azimio limepita kwa kura mia mbili kumi na sita dhidi ya mia moja tisini na nane. Kuanzia muhula ujao, Uraia katika Sekondari ya Mfumbilo utakuwa somo la hiari. Ezelina Chaula, wewe umeunga mkono. Asante kwa kushiriki.

Nilibaki nimeshika chujio. Nimeshiriki wapi, na saa ngapi?

"Afadhali," alisema baba mkwe wangu, Mzee Luvanda, naye akiwa amesikia matokeo sikioni kwake. Alikuwa kakaa karibu na moto, maana huku Makete baridi ya Juni haina mzaha. "Uraia hauoti shambani."

"Ndiyo, baba," nikasema, nikamwekea kikombe mbele yake.

Niseme wazi tangu mwanzo: bila somo hilo mimi si mtu. Yaani ningekuwepo, ningekula na kulala, lakini nisingekuwa huyu anayewasimulia. Sasa kwa nini Msemaji wangu, ambaye kazi yake ni kusema yaliyo moyoni mwangu nisipokuwepo, ameliangusha? Na lililoniuma zaidi ni kwamba Wasemaji wa wilaya nzima wako chini ya karakana yangu. Mimi ndiye fundi wao. Nilivua kitenge cha jikoni, nikaaga, nikaenda kazini mbio kidogo.

Kila mtu ana haki ya kusoma daftari la Msemaji wake. Sijawahi kumwona anayelisoma, mimi nikiwemo. Asubuhi hiyo nilikichomoa kile kidude nyuma ya sikio langu, kidogo kama punje ya ulezi, nikakilaza kwenye sahani ya kusomea, nikauliza: kwa nini?

Kishikwambi kikaandika: *Mwenye sauti hataki Uraia uwe lazima. Uhakika, asilimia tisini na tatu. Ushahidi, mazungumzo arobaini na matatu.*

Nikafungua la kwanza. Jikoni, Februari ya mwaka juzi. Msemaji husikia wote, ila daftarini huweka sauti ya anayemvaa tu, kwa hiyo palikuwa na ukimya mrefu, halafu sauti yangu: "Ndiyo, baba." Nikafungua la pili. Shambani, wakati wa kupalilia. Ukimya. "Ndiyo, baba." La tatu nilikuwa namenya viazi. La nne sikusema kitu kabisa, nilikohoa tu. Nilicheka peke yangu mle karakana, halafu kicheko kikaniishia.

Tulipowatengeneza Wasemaji, sheria ilitukataza kupima mapigo ya moyo. Wazee walisema moyo wa mtu ni chumba chake cha kulala, usiingie bila hodi, nasi tukaona ni sawa. Tukabaki na maneno ya mdomoni. Lakini watu hawasemi kila kitu, kwa hiyo ilibidi mtu aamue ukimya uhesabiwe vipi. Aliyeamua ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni juzi, najiona. Nikaandika mstari mmoja: asiyepinga amekubali. Nilipewa hata cheti.

Wakati huo sikuwa nimeolewa. Huku kwetu mkamwana hampingi baba mkwe. Si kwa kuogopa fimbo, ni adabu tu, tena mimi naiona ni adabu nzuri, imetunza nyumba nyingi. Ila tunaishi ua mmoja na wakwe zetu, tunapika pamoja, tunalima pamoja, na karibu kila neno tunalolisema kutwa nzima wao wanalisikia. Msemaji alikuwa akijifunza kutoka huko.

Majina ya watu na kura zao siruhusiwi kuyaona. Jumla naruhusiwa. Nikauliza: katika Mfumbilo, wakamwana wanaoishi kwa wakwe ni wangapi? Sabini na mmoja. Wangapi kati yao kura zao zimefanana na za baba wakwe zao, kila azimio, kwa miaka tisa?

Sitini na wanne.

*

Mtu wa kwanza niliyemwambia ni Yoranda, mke wa mdogo wa mume wangu. Nilimkuta kwenye banda la kuchambulia viazi, anatenga vya mbegu na vya kula. Hakuniamini. Nikamwambia basi twende karakana, ukasome daftari lako mwenyewe, mimi nitageuka nitazame ukutani.

Nilitazama ukuta kwa muda mrefu. Nilimsikia akibofya, akisoma kwa sauti ya chini, akibofya tena.

"Dada Ezelina," akasema mwishowe. "Geuka tu."

Alikuwa anatokwa na machozi na hakuyafuta. Msemaji wake alikuwa amepiga kura mara tatu, miaka mitatu tofauti, kupinga zahanati yetu kujengewa chumba cha kujifungulia. Yoranda ana watoto wanne. Wa tatu alizaliwa juu ya matandiko ya pikipiki ya magurudumu matatu, njiani kwenda hospitali ya wilaya, mvua ikiwapiga.

"Baba alikuwa akisema zahanati itatumaliza kwa michango," akasema. "Mimi nilikuwa nanyamaza tu. Sasa kunyamaza nako ni kura?"

"Niliandika mimi," nikamwambia. "Ule mstari ni wangu."

Alinitazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa tena. Halafu akaniuliza kama mtu anayeuliza njia: "Unaweza kuufuta?"

Naweza. Hilo ndilo lililonikosesha raha siku nzima. Nikiufuta ule mstari, Wasemaji wote wangehesabu upya wenyewe, kimyakimya. Wale sitini na wanne wasingesema tena "ndiyo", wangesema "sijui", na azimio lingeanguka kwa kukosa kura. Uraia ungerudi. Hakuna baba mkwe ambaye angejua mke wa mwanawe anawaza nini. Kazi yangu ingekuwa salama, na mtu anayenidai shukrani maisha yangu yote angebaki na darasa lake. Dakika mbili tu za kazi.

Nikabeba kishikwambi, nikaenda kumwona huyo mtu.

*

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Chaula. Futa miguu."

Mwalimu Obadia Tweve hajawahi kuniita Ezelina. Alikuwa darasani peke yake baada ya vipindi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, anasahihisha mihtasari ya vikao. Ndivyo anavyofundisha Uraia. Kila Ijumaa darasa linageuka mkutano: kuna mwenyekiti, kuna katibu anayeandika kwa mkono, na kila mwanafunzi lazima, kwa dakika tatu bila kuzidisha, atetee upande ambao nyumbani kwao wanaukataa. Kwa hilo hana huruma. Nilipokuwa kidato cha pili sikutaka. Nilitaka kompyuta, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba kompyuta ningeipata saa tano, ila saa nne nilikuwa wake. Alinisimamisha Ijumaa tatu mfululizo nimpinge mwenyekiti, na Ijumaa mbili nililia badala ya kusema. Ya tatu nikasema. Nilimchukia mpaka nilipofika chuo, nikakuta darasa zima linakubaliana na profesa aliyekosea hesabu, na mkono uliokwenda juu ni wangu.

Nikamweleza yote: mstari wangu, wale sitini na wanne, na zile dakika mbili.

Akaweka kalamu chini. Akatazama madawati, na nikaona amezeeka.

"Usidhani sitamani," akasema. "Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Somo likiwa la hiari, watabaki wanafunzi watano, na watano hao watahamishiwa kilimo. Kazi nyingine siijui. Hata kupanda viazi napanda vibaya, majirani wananicheka."

"Basi niruhusu, Mwalimu. Hakuna atakayejua."

"Wewe unajua. Na mimi umeshaniambia, tena bila kuniuliza kama nataka kujua." Akavua miwani. "Azimio lilipita kwa kuwa mtu mmoja aliwasemea watu wengi bila kuwauliza. Wewe unataka kulirekebisha kwa kuwasemea watu wengi bila kuwauliza. Nikikubali, Ijumaa nitasimama hapa niwafundishe nini hawa watoto?"

Nilikuwa nimekuja kulipa fadhila, na nilichobeba mkononi kilikuwa wizi.

"Kanuni ya Kumi na Nne," akasema ghafla, kwa sauti yake ya darasani.

Mdomo wangu ulifunguka kabla sijafikiri. "Watu wazima ishirini wakiomba kwa maandishi ya mkono ndani ya siku saba, azimio litarudiwa katika kikao cha ana kwa ana. Katika kikao hicho Wasemaji hawaingii, na atakayepiga kura ni aliyefika kwa miguu yake."

"Unaona? Bado unakumbuka." Akachukua kalamu yake. "Mimi siwezi kusaini, nina maslahi. Nenda kawatafute ishirini."

Niliwapata kwa siku nne. Haikuwa rahisi, maana Mfumbilo wanaoweza kuandika sentensi nzima kwa mkono ni wachache, na wote, bila hata mmoja kukosekana, walipitia darasa lile. Wa kumi na tisa alikuwa Yoranda. Aliandika jina lake polepole, akalitazama kana kwamba ni la mtu aliyekuwa safarini.

Kabla sijapeleka barua, nilipiga magoti mbele ya baba mkwe nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba jina la ishirini ni langu. Sikutaka alisikie nje. Aliendelea kuchonga mpini wa jembe, nami nikaipeleka barua.

*

Kikao kilifanyika bwalo la shule, saa nne asubuhi, watu mia moja arobaini na watatu. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani.

Mwenyekiti wa kijiji, bwana Nkwama, ana miaka sita madarakani na hakuwahi kuendesha kikao. Alisimama mbele akiwa na jasho katika baridi ile, akagusa sikio lake, akakumbuka kwamba hakuna kitu.

"Sasa," akasema, "tunaanzaje?"

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mwalimu Tweve alikuwa benchi la nyuma, mikono kifuani, kafunga mdomo. Nilijua anaumia. Nikataka kuinuka nisaidie, lakini fundi mmoja wa matofali akanitangulia, mtu mzima mwenye saruji kwenye kucha.

"Tunahesabu akidi kwanza," akasema. "Halafu tunachagua katibu."

"Na asemaye anyooshe mkono," akasema muuguzi wa zahanati kutoka upande wa pili. "Anasema na mwenyekiti, sio na jirani."

Mwingine akatoa daftari na kalamu. Mwingine akaanza kuhesabu vichwa. Walikuwa wametawanyika bwalo zima, na sikuwa nimewahi kuwaona kama kundi moja. Nikageuka kumtazama Mwalimu. Alikuwa ameinamisha uso, anafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

Mzee Luvanda alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Sina ugomvi na Mwalimu Tweve," akasema. "Kanifundishia watoto wanne. Nauliza jambo moja tu. Mnasema somo hili linamfundisha mtoto kuwa huru, ajiamulie. Sasa mtu anafundishwaje kujiamulia kwa kulazimishwa? Anayelipenda alisome. Asiyelipenda asome viazi, atakula. Ninyi mnaosema uhuru, mbona mnaanza kwa kuwanyima watoto uhuru wa kukataa?"

Bwalo likanguruma kwa kukubali. Na hoja ilikuwa nzuri, nitasema nini. Miaka minane nimekula naye na sijawahi kumsikia akitoa hoja nzuri kama ile. Nadhani hakuwahi kuihitaji, maana hapakuwa na wa kumbishia.

Mkono wangu ulikwenda juu. Mwenyekiti akaniita jina. Kusimama mbele ya baba mkwe aliyekaa, kwetu si jambo dogo, nikasikia benchi la akina mama likivuta pumzi.

"Baba," nikasema, "naomba nikupinge."

Mzee alinitazama usoni. Akatikisa kichwa kidogo, kuniruhusu au kushangaa, sikujua.

"Umesema kweli, nililazimishwa. Ningepewa hiari nisingelisoma hata siku moja. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na kwa umri ule ningekataa kila kilichoniogopesha, na kusimama mbele za watu ndicho kilichoniogopesha kuliko vyote. Mwalimu aliponilazimisha nilijua kusimama. Sasa nina hiari, Baba. Leo asubuhi ningeweza kukaa nyumbani. Wale ambao hawakufundishwa, hiari hiyo wanaitoa wapi? Unamwambia mtoto achague, na hajui kama kuna cha kuchagua. Mimi namshukuru Mwalimu Tweve kwa kunilazimisha. Sijawahi kumwambia, namwambia sasa mbele yenu wote."

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Nikawaeleza ule mstari. Nikawaambia aliyeuandika ni mimi, kwamba asiyepinga nilimhesabu amekubali, na kwamba kwa miaka tisa kuna watu wa kijiji hiki waliosemewa yasiyokuwa yao. Nikasema kila mmoja aende kusoma daftari lake, na kwamba barua ya kukiri kosa nimeshaipeleka wilayani. Sikutaja jina la mtu wala idadi ya nyumba. Nikakaa.

Kulikuwa na minong'ono, tena si yote ya kirafiki. Mtu mmoja alisema nifukuzwe, na sikumlaumu. Halafu Yoranda akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti," akasema, akitazama sakafu. "Kwenye daftari langu imeandikwa kwamba nimekataa chumba cha kujifungulia mara tatu. Mimi sijawahi kukataa. Naomba iandikwe."

"Ajenda ni shule," mtu akapinga.

"Namalizia." Sasa alikuwa ameinua uso. "Mimi Uraia nilisoma mwaka mmoja tu, nikaacha shule. Mwaka huo ndio umenisimamisha hapa. Binti yangu anaingia kidato cha kwanza Januari. Nataka asome miaka yote minne, apende asipende."

Katibu aliandika. Tulisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Mama mmoja akainuka nyuma yake, halafu mwingine, wakasema maneno machache machache wakakaa. Wapo waliosimama wakasema wanakubaliana na baba wakwe zao, Uraia uwe hiari, na nikawashukuru hao vilevile moyoni, maana walikuwa wamesema wenyewe.

Tukapiga kura kwa mikono, ikahesabiwa mara mbili. Uwe lazima, themanini na moja. Uwe hiari, hamsini na nane. Wanne hawakuinua mkono kokote, na fundi matofali akamwelekeza katibu waandikwe kama walivyo, wasiwekwe upande wowote.

Mzee Luvanda aliinua mkono wake na wale hamsini na nane, juu kabisa, kiwiko kimenyooka.

*

Mwalimu Tweve alinipa mkono mlangoni, akasema, "Umezidisha dakika mbili, Chaula," akaingia darasani kwake. Nilisimama pale nikajua kwamba nimebahatika kuliko ninavyostahili.

Baba mkwe kwa kawaida hutangulia, nasi wakamwana hufuata nyuma kwa heshima. Siku hiyo nilimkuta ananingoja getini, kashika kofia.

"Ile kura ya kwanza," akasema tulipoanza kupanda kilima. "Ya Msemaji wako. Ilikuwa ya nani?"

"Za wengine siruhusiwi kuzijua, baba. Yangu ilikuwa yako."

Tukatembea. Nilisikia anahesabu kwa midomo. Nyumbani kwake tuko wakamwana wanne.

"Basi pengine miaka yote hii nimekuwa na kura tano," akasema.

Nikaendelea kupanda.

"Na leo nimepiga moja. Nayo imeshindwa." Akasimama apumzike, kile kilima ni kikali. Nilidhani amekasirika, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi, lakini uso wake haukuwa wa hasira. "Nilipokuwa nazo tano hakuna mtu aliyewahi kunijibu. Nilijiona nina akili sana."

Akavaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Asante, mwanangu," akasema.

Tulipofika juu, alinyoosha mkono kuelekea shamba la bondeni, akasema anafikiria kuweka kule viazi vyote vya mbegu msimu huu, mimi naonaje. Nikamwambia bonde lile linatuamisha maji, mbegu itaoza. Akasema mifereji ipo. Nikasema mifereji imeziba tangu mwaka jana. Akasema mimi fundi wa karakana najua nini habari za mifereji, nami nikamwambia. Tulibishana mpaka tukafika nyumbani.